Kuiandaa helikopta ya kwanza ya rimoti: kazi ya mezani kabla ya uwanjani

Salma: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo mezani petu ipo helikopta ya umeme ya kuongozwa kwa rimoti, ya kiwango kinachojulikana kama 450, yaani ile ambayo kila panga lake lina urefu wa milimita 325 na pangaboi zima linapozunguka huchora duara lenye kipenyo cha takriban milimita 700. Hii ni helikopta yangu ya kwanza, na kaka Hamadi, ambaye amezirusha kwa miaka mingi, amekubali tuipitie sehemu baada ya sehemu.

Hamadi: Ahsante, dada Salma. Naomba nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote katika fani hii: kazi kubwa ya helikopta humalizikia mezani. Mtu akiipeleka uwanjani huku ufito mmoja, yaani kijiti chembamba kinachosukuma pembe ya mapanga, umezidi wenzake kwa milimita moja, kwa matumaini kwamba ataisahihisha kwa vitufe vya rimoti, atapambana na kasoro hiyo kila sekunde ikiwa angani, na mara nyingi atadhani kwamba mikono yake ndiyo isiyojua.

Salma: Jambo hilo limenipata mimi mwenyewe wiki tatu zilizopita. Kila nilipoinua helikopta kidogo kutoka ardhini, ilikuwa inakimbilia upande wa kulia na mbele. Nilibonyeza trimu ya rimoti, yaani vile vitufe vya kusahihishia, mara sita, saba, ikawa haitulii. Ikitulia upande mmoja inaanza kujizungusha upande mwingine.

Hamadi: Na sababu yake inaeleweka vizuri. Helikopta za zamani zilikuwa na ile fimbo ya mizani juu ya pangaboi, ambayo ndiyo iliyozituliza, na kwa hizo trimu ya rimoti ilifaa kwa marekebisho madogo. Hii yako haina fimbo hiyo. Utulivu wake unatoka kwenye kisanduku cha jairo, ambacho hupima kila mzunguko wa mwili wa helikopta na kuupinga. Kisanduku hicho hakijui trimu ni nini. Ukiisogeza trimu, chenyewe kinasoma kwamba umeshikilia kijiti kidogo upande huo, kwa hiyo kinaiambia helikopta iendelee kuinama polepole bila kukoma. Ndiyo maana trimu za rimoti hubaki sifuri, na marekebisho yote hufanywa kwenye fito zenyewe, kisha kwenye menyu ya kisanduku.

Salma: Basi tuanze na usalama kabla hatujagusa fito.

Hamadi: Tuanze hapo, na nitakuwa mkali kidogo. Mota ya helikopta hii ina nyaya tatu zinazotoka kwenye kidhibiti cha mota. Kabla ya kuchomeka betri kwa ajili ya kazi yoyote ya mezani, chomoa nyaya mbili kati ya hizo tatu. Mota haitaweza kuzunguka, lakini kidhibiti bado kitaendelea kuwapa umeme risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti, sevo, yaani vimota vidogo vinavyosukuma fito, na jairo, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Mapanga nayo yavue. Watu huona kama ni usumbufu, lakini hebu tupige hesabu pamoja: pangaboi lenye kipenyo cha mita 0.7 likizunguka mara 2500 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda takriban mita 92 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kitu hicho hakipaswi kuwa karibu na uso wa mtu aliyeinamia meza akiwa na bisibisi mkononi.

Salma: Na utaratibu wa kuwasha?

Hamadi: Rimoti huwashwa kwanza, kisha betri ya helikopta; wakati wa kuzima, betri huchomolewa kwanza na rimoti huzimwa mwisho. Swichi ya kuzuia mota iwe imewekwa kwenye kuzuia kabla hata hujaishika betri. Baada ya kuchomeka, iache helikopta imetulia kabisa kwa sekunde chache, kwa sababu jairo linajifunza hapo nini maana ya kutosogea. Ukiitikisa wakati huo, linajifunza uongo.

Salma: Sasa tufike kwenye moyo wa mambo, swoshipleti. Kwa msikilizaji ambaye haijui, hizi ni sahani mbili zilizobebana kwenye shafti kuu, ya chini haizunguki na ya juu inazunguka pamoja na pangaboi. Sevo tatu zinaishika ile ya chini katika pointi tatu.

Hamadi: Sawasawa. Sevo zote tatu zikipanda pamoja, swoshipleti inapanda ikiwa sawa, na pembe ya mapanga yote inaongezeka, helikopta inainuka. Sevo zikitofautiana, swoshipleti inainama, na pangaboi linavuta upande ule. Sasa tazama hapa. Weka kijiti cha kupandia katikati kabisa ya mwendo wake. Katika hali hiyo tunataka vitu vitatu viwe kweli kwa wakati mmoja: mikono ya sevo iwe imesimama kwa pembe ya nyuzi 90 na fito zake, swoshipleti iwe imelala kwa nyuzi 90 kamili na shafti, na mapanga yawe na pembe ya sifuri.

Salma: Mkono wa sevo hii ya kushoto haukai kwenye nyuzi 90 hata nikiuhamisha jino moja.

Hamadi: Ni kawaida, kwa kuwa meno ya sevo hayakupangwa kwa ajili ya helikopta yako. Chagua jino linaloukaribisha zaidi kwenye nyuzi 90, na kile kidogo kinachobaki kimalizie kwenye menyu ya kisanduku cha jairo. Nakusihi usianzie kwenye menyu. Ukiipa menyu kazi ya nyuzi 10, sevo itakuwa na mwendo mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, na kosa hilo litajitokeza kila unapoongeza pembe.

Salma: Na hapa ndipo tulipokuta kosa langu. Tulipovua fito tatu na kuzilaza sambamba juu ya karatasi nyeupe, mbili zilikuwa sawa na ya tatu imepungua. Vikombe vyake vya plastiki, vile vya kwenye ncha vinavyobana gololi za viungio, vilikuwa vimekazwa mzunguko mmoja na nusu zaidi ya vingine. Kwa macho ilipokuwa kwenye helikopta sikuiona hata kidogo.

Hamadi: Mzunguko mmoja na nusu wa ufito mwembamba kama huo unatosha kuinamisha swoshipleti. Ulifungua taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ukarudisha kikombe kwenye gololi mpaka kikalia "tak", ukapima tena. Ningependa msikilizaji ausikie mlio huo, kwa sababu kikombe kisicholia hivyo ama hakijaingia au kimelegea. Kikombe kizuri huzunguka kwenye gololi bila kukaza na bila kuchezacheza. Kikichezacheza, kibadilishe leo.

Salma: Nilipima usawa wa swoshipleti kwa kifaa kinachovalishwa kwenye shafti. Je, asiyekuwa nacho afanyeje?

Hamadi: Aizungushe helikopta polepole usawa wa macho yake, akilinganisha ukingo wa swoshipleti na sehemu iliyonyooka ya fremu, kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Lakini kipimo cha pembe ya mapanga, kile kinachovalishwa kwenye panga lenyewe, hicho asikose. Kwa anayeanza ningeweka mwendo kamili wa nyuzi 10 juu na 10 chini kwa upande wa fito, kisha kwenye rimoti nikapunguza upande wa chini mpaka nyuzi 3 hivi, ili akishtuka na kuvuta kijiti chote asiisukume helikopta ardhini kwa nguvu. Kuelea kutakuja kwenye nyuzi 5 au 6.

Salma: Nilidhani kijiti kile kinaongeza kasi ya mota.

Hamadi: Wengi hudhani hivyo, na wanaotoka kwenye helikopta ndogo za mapanga yasiyobadilika pembe wana sababu ya kudhani. Hapa kasi ya pangaboi inabaki karibu ileile muda wote, na kinachobadilika ni pembe. Kasi ikipanda na kushuka, jairo la mkia nalo linahangaika, kwa kuwa kila badiliko la kasi linaupindua mwili.

Salma: Tuzungumzie mkia, basi.

Hamadi: Helikopta nyingi za aina hii zina pangaboi linalozunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukilitazama kutoka juu. Mota inapolisukuma upande huo, mwili unasukumwa kinyume, pua inataka kwenda kushoto. Pangaboi la mkia linausukuma mkia kushoto ili kuizuia pua, na msukumo huohuo unaitambaza helikopta nzima kushoto kidogo. Kwa hiyo helikopta iliyoandaliwa vizuri huelea ikiwa imeinama kulia kidogo sana. Usijaribu kuiponya, hiyo ni afya yake.

Salma: Na jaribio la jairo la mkia ulilonionyesha?

Hamadi: Hilo naliomba kila mtu alifanye, kwa sababu jairo lililogeuzwa mwelekeo huizungusha helikopta kwa kasi mara tu inapoinuka, na hakuna mikono itakayoiokoa. Sukuma kijiti cha mkia kulia na uangalie kipande kinachoteleza kwenye shafti ya mkia kinakwenda upande gani. Rudisha kijiti katikati. Sasa shika helikopta kwa shafti kuu na uizungushe pua kushoto kwa haraka kwa mkono. Kipande kile lazima kiteleze upande uleule kilikokwenda ulipotoa amri ya kulia, kwa kuwa jairo linajaribu kuirudisha pua kulia. Kikienda upande wa pili, nenda kwenye menyu ugeuze mwelekeo wa jairo, wala usiguse mwelekeo wa rimoti. Kisha iinamishe helikopta mbele. Swoshipleti iinamie nyuma, kana kwamba inataka kubaki sawa na ardhi.

Salma: Skrubu je? Nimeona unazifungua moja moja hata zile zilizotoka zimefungwa.

Hamadi: Skrubu yoyote ya chuma inayoingia kwenye chuma ninaifungua, ninaifuta mafuta na kuitia tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya buluu. Inayoingia kwenye plastiki haihitaji, na gundi hiyo huweza kuiharibu plastiki. Gia ya mota na gia kuu nazipima kwa kipande cha karatasi nyembamba: nakipitisha katikati, kikitoka kimekunjamana bila kuchanika, pengo linatosha. Halafu mapanga yanarudi. Skrubu zake zikazwe kiasi cha kwamba ukiilaza helikopta ubavu panga linabaki limenyooka, lakini ukiitikisa kidogo linaanguka.

Salma: Betri tuliiweka mbele zaidi kuliko picha ya mtengenezaji.

Hamadi: Kwa sababu picha haijui uzito wa betri yako. Inua helikopta kwa kichwa cha pangaboi, juu ya shafti kuu, na uitazame: ikiinamisha pua, sogeza betri nyuma, ikiinamisha mkia, isogeze mbele. Betri yako ni ya seli tatu, volti 11.1, miliampia-saa 2200. Ikijaa inafika volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Ichaji kwa ampia 2.2 kwa chaja inayosawazisha seli, ukiwa hapohapo, na juu ya kitu kisichoshika moto. Ikianza kuvimba, usiirushe tena.

Salma: Nami niseme kilichotokea Jumamosi. Nilifunga miguu ya mazoezi, zile fito ndefu zilizovuka chini zenye mipira kwenye ncha, nikasimama nyuma ya helikopta kiasi cha mita 6, mkia ukiwa unanitazama. Kasi ilipopanda, nikaona vivuli viwili vya mapanga, kimoja juu ya kingine.

Hamadi: Tulizima, tukangoja pangaboi lisimame kabisa, kisha tukatazama utepe mwekundu tuliokuwa tumeubandika kwenye panga moja. Ndilo lililokuwa linapita juu. Tukalishusha kwa nusu mzunguko wa ufito wake.

Salma: Na mara ya pili kikabaki kivuli kimoja. Niliinua hadi usawa wa goti, kwa kuwa ulinionya kwamba karibu sana na ardhi upepo wa pangaboi lenyewe hurudi na kuitikisa. Trimu zote zilikuwa sifuri. Ilielea pale, ikainama kulia kidogo kama ulivyosema.

Hamadi: Kengele ya rimoti tuliiweka kwa dakika 4. Ulipochaji tena, chaja ilirudisha miliampia-saa ngapi?

Salma: Elfu moja na kidogo.

Hamadi: Basi ni takriban 250 kwa dakika. Hatuitumii betri zaidi ya asilimia 80, ambayo kwako ni 1760, kwa hiyo ungeweza kufika dakika 7. Mimi ningeiacha kwenye 5 kwa mwezi wa kwanza. Na baada ya kila mruko mmoja, gusa mota na betri kwa kidole: zikiwa na joto unaloweza kulivumilia, endelea, zikikuunguza, irudishe mezani, uvue mapanga, uchomoe zile nyaya mbili.