Bado: Mseja Mtu Mzima Mbele ya Ukoo Wake

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu mliofika hapa Walukuba, mjini Jinja, jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya watu wazima ambao hawajaoa wala hawajaolewa. Tayari nimelazimika kusema "hawaja", kwa kuwa lugha yetu haitupi njia nyepesi ya kusema vinginevyo. Anayeulizwa kama ameolewa hutarajiwa kujibu "bado", na Waganda nao husema "tannafumbirwa", yaani hajaolewa hadi sasa. Binti wa miaka 20 na mama wa miaka 50 huelezwa kwa neno lile lile la kungoja, kana kwamba miaka yote iliyo kati yao huyu wa pili aliketi barazani akisubiri kuitwa.

Mimi nina miaka 46, ni mwalimu, na sina mume. Binti wa kaka yangu nilimlipia karo tangu darasa la tano hadi alipomaliza chuo, na siku wachumba walipoleta habari ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, niliamini kwamba mimi, shangazi yake, ndiye nitakayemtoa mbele ya wageni, maana kwa desturi ya Kiganda kazi hiyo ni ya ssenga. Kikao cha ukoo kikaamua vingine. Walisema kwa upole kwamba asiye na ndoa hawezi kumfunda anayeingia katika ndoa, wakamwita binamu yetu ambaye binti huyo alikuwa hajamwona zaidi ya mara mbili; mimi nikaombwa mchango wa hema na viti. Niliutoa. Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu, na nasadiki kwamba ndani yake umo ugonjwa wote ninaotaka tuutazame: mseja ni mtoto pale maamuzi yanapofanywa, lakini ni mtu mzima pale fedha zinapohitajika.

Tunasema kwamba mseja "hana majukumu". Kwa sababu hiyo ndiye anayepigiwa simu kwanza mgonjwa anapolazwa, ndiye anayeletewa mtoto wa ndugu akae kwake asome, na ndiye anayehudhuria mikutano ya harusi za wenzake mwaka hadi mwaka, akiahidi na kulipa, huku akijua kwamba hakuna siku ambayo watu hao watakutana kwa ajili yake. Kijana mwanamume naye hana nafuu kubwa, kwani hata awe amejenga, akisimama kusema kwenye kikao cha ukoo huambiwa atafute mke kwanza. Mwanamke huongezewa jambo lingine, nalo ni shaka juu ya mwenendo wake: nilipotafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hakuuliza kuhusu mshahara wangu, aliuliza mume wangu yuko wapi na ni wanaume gani watakaokuja kunitembelea.

Hata hivyo si kweli kwamba jamii zetu hazijui kumheshimu mtu asiye na ndoa. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Bwanda karibu na Masaka, walitokea masista wa Bannabikira, mabinti wa nchi hii walioacha kuolewa katika zama ambazo jambo hilo lilikuwa gumu kueleweka, na leo tunawapisha njia wanapopita. Jina lao limetokana na neno la Kiswahili, bikira. Na Kiganda kina neno nakyeyombekedde, mwanamke aliyejijengea mwenyewe, ambalo kwa maana yake ni sifa, ila wengi wetu hulitamka kama tusi.

Sheria yetu, katika hili, imetutangulia. Ibara ya 31 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inawapa wenye miaka 18 na zaidi haki ya kufunga ndoa, na inataka ndoa hiyo iwe kwa ridhaa ya hiari. Nami siioni ridhaa iliyo huru mahali ambapo kukataa kunaadhibiwa kwa dharau. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi kutoka Tororo, iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo mwanamke aliyerudi kwao akiwa peke yake alirudi kama deni, na baba asiye na ng'ombe wa kurudisha aliweza kumrudisha yeye.

Mwezi wa Desemba wengi wetu tutakwenda vijijini, na vikao vya ukoo vitakaa. Nawaomba ninyi wazee mnaoviitisha muwakalishe waseja wenu wa miaka 30, 40 na 50 pamoja na watu wazima wenzao, muwaulize rai yao juu ya shamba na juu ya makaburi ya babu zetu kabla ya kuwauliza watachanga kiasi gani, na swali la "lini" msiwaulize.