Sheria ya Leo, Tendo la Jana

Wazee wangu, akina mama na vijana mliofika, asalaam aleikum.

Nianzie sokoni kwetu Kongowea. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Tuseme muuza mboga alimtilia mteja mchicha katika mfuko huo tarehe 27, mchana kweupe, na picha ikapigwa. Je, picha hiyo yaweza kumtia hatiani? Haiwezi. Kifungu cha 50(2)(n) cha Katiba ya 2010 kinamkinga mtu asihukumiwe kwa tendo ambalo, wakati lilipotendwa, halikuwa kosa nchini Kenya, na kifungu cha 25 kimeiweka haki ya kesi kuendeshwa kwa uadilifu miongoni mwa zile chache zisizowekewa mipaka.

Kuna aliyeninong'oneza mlangoni kwamba haya ni yale yale ya yaliyopita si ndwele. Sivyo. Aliyeiba mwaka 2009 bado ana kesi ya kujibu, ila atapimwa kwa sheria ya 2009; na kama adhabu imebadilishwa kabla hajahukumiwa, aya ya (p) inampa iliyo nyepesi zaidi. Sheria ya adhabu, basi, huruhusiwa kurudi nyuma ikileta nafuu, si ikileta ukali.

Penye ugumu ni sehemu ya pili ya aya ile ya (n), isemayo kwamba kinga haimfikii aliyetenda jinai chini ya sheria ya kimataifa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilitangulia Sheria ya Jinai za Kimataifa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, na wapo walioshikilia kuwa waliopanga mauaji yale hawawezi kushtakiwa humu nchini kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani kifungu cha 77 cha Katiba ya zamani hakikuwa na kipengele hiki. Mimi siikubali: Kenya ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tangu 2005, kwa hiyo hakuna aliyeshtukizwa. Na tukiiacha hata hiyo, kuua, kubaka na kuchoma nyumba ni makosa ambayo Kanuni ya Adhabu ilikuwa nayo miaka na miaka.

Na kwa kuwa Pwani hatukai kikao ardhi na mirathi zisiulizwe, nitangulie kujibu: kinga hii ni ya jinai. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ililiamua jambo hilo mwaka 1798 katika kesi ya Calder na Bull, ambayo, kama mlivyokwisha kubahatisha, ilikuwa ya wasia. Na Mahakama ya Juu yetu, mwaka 2012, ilisema kuwa sheria isiyo ya jinai yaweza kugusa ya nyuma ikiwa maneno yake yanaonyesha wazi kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Mwenye shauri la shamba, kwa hivyo, ajitafutie hoja nyingine.