Geti la Kambi na Goti la Mzee

Wazee wetu mliolitumikia jeshi, akina mama mliokesha mkiwaombea, na ninyi vijana mlioamua kuja kukaa nasi Jumamosi nzuri kama hii, hamjambo. Nimeulizwa swali moja: je, mwanajeshi aliyestaafu aruhusiwe kuingia kambini kufanya mazoezi kwenye jimu ya jeshi? Nitajibu kwanza, kisha nieleze. Aruhusiwe. Aingie kwa kitambulisho, kwa saa zilizopangwa, na asitozwe hata senti moja.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Kutwa nzima nashika magoti, mabega na migongo ya watu wa Nakuru. Lakini swali hili sikulipata kliniki. Nililipata nyuma ya nyumba yetu, kwenye mikebe miwili ya mafuta ya kupikia ya Kasuku.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Kwetu asili ni Vihiga, ila sisi watoto tulikulia kwenye nyumba za kambi, tukijua saa kwa sauti ya tarumbeta. Alipostaafu tukahamia nje kidogo ya mji huu. Wiki ya pili aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, akavaa viatu vya mazoezi, akafunga kamba, akatoka hadi mlangoni. Pale akasimama. Mama alimwona akiwa amesimama vile hadi kukapambazuka.

Siku chache baadaye alikwenda kwenye geti la kambi moja, ambayo sitaitaja. Kijana aliyekuwa zamu alimpigia saluti, akamwita afande, halafu akamwambia kwa heshima zote kwamba hana ruhusa ya kumwingiza. Yule kijana simlaumu, alikuwa anafuata amri, na baba mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Alirudi nyumbani na begi lake. Ndani mlikuwa na taulo aliyoikunja pembe nne, kama blanketi la siku ya ukaguzi, na haikuwa imekunjuliwa.

Ndipo alipotafuta simiti. Akajaza mikebe miwili ya Kasuku, ile mikubwa, na kabla haijakauka akachomeka bomba la maji katikati, mkebe huku na mkebe huku. Chuma chake kikawa hicho. Alikinyanyua kila asubuhi kwa miaka minne. Mimi nilipoanza masomo ya chuo, nikarudi likizo, nilimtazama akinyanyua na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba bomba lilikuwa linalala upande wa kushoto. Tulipeleka ile mikebe kwa jirani mwenye mizani ya viazi. Mmoja ulizidi mwenzake kwa karibu kilo mbili. Na bega la kushoto ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, naye hakumwambia mtu. Askari hufundishwa kuvumilia, na hakuna anayekuja baadaye kumfundisha kusema.

Sasa hebu turudi nyuma, tuanzie uwanjani siku ya kusajiliwa. Wazee mnaikumbuka. Anatakiwa kijana wa miaka 18 hadi 26. Urefu usipungue mita 1.60. Uzito usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume, kilo 50 kwa mwanamke. Sikilizeni hiyo 54.55, hata sehemu ya kilo inahesabiwa. Anakimbizwa, anafunguliwa kinywa wahesabu meno, anaambiwa anyooshe mikono, ageuke, aonyeshe nyayo. Mwili ule unakaguliwa kama ng'ombe mnadani. Akipita anapelekwa Eldoret kufunzwa, na tangu hapo mwili wake ni kifaa cha kazi cha taifa. Unabeba shanta, unaruka kutoka kwenye lori, unalala kwenye mahandaki. Siku ya kustaafu kila kitu kinarudishwa stoo: bunduki, kofia ya chuma, shanta, kila kitu kinatiwa sahihi. Goti halirudishwi stoo. Hilo anakwenda nalo nyumbani.

Pale Nairobi, barabara ya Kenyatta, kuna sanamu za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kila nikipita hapo nasimama kidogo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wale walitoka huku kwetu, upande wa ziwa na magharibi, wakaenda kubeba mizigo katika vita visivyokuwa vyao, na wengi hawakurudi. Kizazi kilichofuata kikapelekwa vitani Bama na Keya, jeshi la mkoloni la King's African Rifles, na wapo humu ambao babu zao walitoka huko wakitembelea mkongojo. Miguu na mikono ya jeshi. Kama maneno hayo yalitoka moyoni, basi miguu inatunzwa hata safari ikishakwisha.

Nimesikia watu wakiuliza: kwani lazima jimu? Si mzee akimbie barabarani, barabara ni bure? Ni swali la haki, na nitalijibu kama mtaalamu. Goti lililobeba mzigo kwa miaka ishirini mara nyingi gegedu yake, ule mto ulio kati ya mifupa, imelika. Kinachoweza kulisaidia goti la namna hiyo ni paja, hasa misuli ya mbele, maana ndiyo inayopokea mshtuko kabla haujafika kwenye mfupa. Misuli nayo huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, na mtu akipita 60 inapungua kwa kasi zaidi. Ukimwambia mtu wa goti bovu akimbie juu ya lami, unampa mshtuko kabla hujampa misuli ya kuupokea. Waliowahi kupanda Menengai wanajua kwamba kuteremka ndiko kunakoumiza, kwa sababu paja linafanya kazi ya kuzuia huku likinyooka. Mtu huyo anahitaji mashine ya kusukuma kwa miguu akiwa ameketi, aanze na kilo kumi, wiki ijayo kumi na mbili, na mgongo uwe umeegemea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili. Waliofika miaka 65 wanaambiwa waongeze mazoezi ya kujisawazisha ili wasianguke. Dakika utazipata barabarani. Kukaza misuli kwa usalama ukiwa na bega au goti la namna hiyo kunataka vifaa na mtu wa kukuangalia. Mikebe ya simiti tumeshaona ilikotufikisha.

Lakini nikisema ni vyuma peke yake nitakuwa nimewaficha nusu ya jambo.

Wanajeshi waliovuka kuingia Somalia Oktoba 2011 wengine sasa wamestaafu, na si wazee. Wapo waliokuwa kwenye vikosi vilivyopoteza wenzao El Adde, tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow, tarehe 27 Januari 2017. Mmoja wa hao alikuja kwangu kwa ajili ya mgongo. Majuma sita alilala kwenye kitanda changu cha matibabu akijibu ndiyo na hapana. Juma la saba nilimpanga saa ile ile na mwanajeshi mwingine mstaafu, bila kukusudia, ratiba ilinichanganya tu. Mmoja alikuwa anavuta kamba za mpira ukutani, mwingine anahesabu. Walikuwa hawatazamani. Katikati ya hesabu, kwenye kumi na nne hivi, yule wa mgongo akaanza kusimulia. Mimi nikajifanya napanga taulo. Tangu siku hiyo siwapangi tena saa tofauti. Wapo watu ambao ukiwaweka kwenye kiti ukawatazama usoni hawasemi, ila mpe kazi ya mikono na mwenzake begani, utamsikia. Jimu ya mtaani ina vyuma, tena vizuri, lakini muziki unapigwa hadi kuta zinatetemeka na hakuna anayejua kikosi chako kilikuwa wapi mwaka ule.

Jambo hili la askari aliyeumia na michezo si geni duniani. Kule Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, daktari Ludwig Guttmann alipokea wanajeshi walioumia uti wa mgongo. Kabla ya kazi yake, wengi wa wagonjwa hao waliachwa kitandani wakafa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo. Yeye akawatoa kitandani, akawapa mipira, akawapa pinde. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, aliwapanga wanajeshi 16 wenye ulemavu, wanaume kwa wanawake, washindane kulenga shabaha kwa mishale. Mashindano ya Paralimpiki yanayotupa medali leo yalitokea hapo. Guttmann aliyachukua mazoezi kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Hiyo ndiyo hatua tunayoihitaji.

Marekani, ambako swali la jimu za kambini limejadiliwa sana, kuna funzo la kujihadhari nalo. Mwaka 2018 walipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Iliwafungulia mlango wastaafu wenye ulemavu uliotokana na utumishi, waliotunukiwa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, waliowahi kuwa mateka wa vita, na watu wanaowatunza wagonjwa hao. Wakaruhusiwa kununua kwenye maduka ya kambini na kuingia sehemu za burudani zinazojiendesha kwa mapato yake, kama gofu na boling. Jimu haikuwamo. Huko jimu zinahesabiwa pamoja na huduma za kumweka askari tayari kwa vita, zinalipiwa na serikali, kwa hiyo hazikufunguliwa. Aliyestaafu baada ya kutumikia, kwa kawaida miaka 20, anaingia, na mwenye ulemavu uliopimwa kuwa asilimia 100 anaingia. Lakini aliyetumikia miaka minane akatoka na goti lililovunjika nusu anaweza kununua nyama kambini kwa bei nafuu, na hawezi kwenda jengo la pili kulitibu goti kwa mazoezi. Naona waliipanga kinyume. Walifungua mlango palipo na pesa, wakauacha umefungwa palipo na afya. Kenya nasi tulipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, na nawaomba wanaoitekeleza wasipite njia hiyo.

Niseme sasa kuhusu usalama, maana hapo ndipo mjadala huu huishia, na silipuuzi jambo hilo. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda Bay kule Lamu ilishambuliwa, watu wakafa. Geti la kambi si geti la sinema. Lakini tufikiri kidogo. Mwanajeshi mstaafu ni raia ambaye jeshi linamjua kuliko raia mwingine yeyote, lina alama za vidole vyake, lina faili lake, linajua alikolala kwa miaka. Akisajiliwa upya na kupewa kadi, utamjua zaidi ya fundi anayeingia kurekebisha paa. Na ikiwa bado kuna wasiwasi, si lazima avuke kambi nzima. Vifaa vya zamani vinapobadilishwa, viwekwe kwenye chumba karibu na geti la nje. Kuhusu msongamano, askari aliye kazini atangulie, hilo halina ubishi. Yeye anafanya mazoezi alfajiri na jioni. Saa tatu hadi saa sita asubuhi aachiwe mzee.

Tena jeshi letu halijawahi kuona haya kushirikiana michezo na raia. Watu wa mji huu tumeujaza uwanja wa Afraha tukiishangilia timu ya jeshi, Ulinzi Stars, mabingwa wa 2003, 2004, 2005 na 2010. Kama tunaweza kukaa pamoja uwanjani, chumba cha vyuma hakitatushinda.

Kuna kitu kinachonisumbua bado, na sitaki mtoke hapa mkidhani sijakiona. Hata mageti ya Lanet, Gilgil na Eldoret yakifunguliwa kesho, ndugu yangu aliyestaafu akarudi kule magharibi, Luanda, au Bondo, au Funyula, atafikaje? Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki itaimeza pensheni. Kwa huyo, geti la kambi halitoshi. Huyo anahitaji kaunti imwekee vifaa pale ambapo watu wa michezo wapo tayari, kwa mfano Bukhungu kule Kakamega au uwanja wa Jomo Kenyatta pale Kisumu, na siku moja kwa wiki iwe ya wastaafu, wakutane wao kwa wao. Vifaa si vingi: mashine ya miguu, kamba za mpira, vyuma vyenye uzito ulioandikwa, na mtu mmoja aliyesomea. Mimi najitolea Jumamosi mbili kwa mwezi kwa hapa Nakuru, na wenzangu wawili wa kazi wamekubali.

Barua ya ombi tumeiandika na iko kwenye meza pale mlangoni. Tunaomba saa tatu hadi saa sita, siku tatu kwa wiki, kwa majaribio ya miezi sita. Mzee aliyekaa mezani ni baba yangu. Mpeni jina lenu na kikosi mlichotumikia. Ameongeza safu moja kwa mkono wake pembeni ya karatasi, nami nimemwachia. Atawauliza kinachouma ni nini, na ni kulia au kushoto.