Ubatizo ni Kuingia Katika Kifo cha Kristo

Wachungaji, mapadre, walimu wa dini, wazee wa kanisa, na ndugu zangu nyote mliofika,

Tumezoea kufundisha kwamba ubatizo huondoa dhambi, humpa mtu jina la Kikristo na kumwingiza katika jamii ya waamini. Yote hayo ni kweli, lakini yanasimama juu ya msingi ambao mafundisho yetu mengi hayaugusi. Yakobo na Yohana walipomwomba Bwana Yesu viti vya kuume na kushoto katika utukufu wake, aliwauliza kama waliweza kukinywea kikombe chake na kubatizwa ubatizo wake. Katika Injili ya Luka anasema waziwazi: "Nina ubatizo unipasao kubatizwa, nami nina dhiki kama nini hata utimizwe!" Wakati huo alikuwa amekwisha kubatizwa katika mto Yordani. Ubatizo uliokuwa ungali mbele yake ulikuwa msalaba.

Mtume Paulo analishika jambo hilo katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi: "Hamfahamu ya kuwa sisi sote tuliobatizwa katika Kristo Yesu tulibatizwa katika mauti yake? Basi tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo katika mauti yake." Naomba tuangalie jinsi anavyouliza. Paulo hakuwa amefika Roma, wala si yeye aliyelianzisha kanisa la huko, na bado anawauliza kama mtu anayewakumbusha jambo wanalolijua tayari. Maana yake ni kwamba, miaka isiyofika thelathini baada ya Pasaka, Wakristo waliokuwa mbali naye walikuwa wamefundishwa kwamba anayeshuka majini anazikwa na Kristo, na anayetoka majini anaanza kuishi uhai usio wake mwenyewe. Hata ondoleo la dhambi linatoka hapo, kwa sababu, kama Paulo anavyosema katika sura hiyohiyo, aliyekufa amehesabiwa haki mbali na dhambi.

Katika mafundisho ya karne ya 4 yanayojulikana kwa jina la Kirilo, askofu wa Yerusalemu, tunaelezwa jinsi jambo hili lilivyotendwa. Wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, wakiwa wameandaliwa katika kipindi chote cha Kwaresima, walisimama usiku wa Pasaka wakielekea magharibi, wakanyosha mkono na kumkataa Shetani, kisha wakageuka mashariki na kukiri imani. Walivua nguo, wakapakwa mafuta, wakazamishwa mara tatu kwa ukumbusho wa siku tatu za Bwana kaburini. Waliambiwa kwamba maji yale yalikuwa kwao kaburi na mama kwa wakati mmoja. Na mwalimu akaongeza jambo ambalo mimi naliona kuwa zuri kuliko yote: kwamba sisi hatukusulubiwa wala kuzikwa kwa hakika, tuliiga tu kwa mfano, lakini wokovu tulioupokea ni wa hakika. Kristo alibeba misumari na maumivu. Sisi tulipewa tunda lake bila kupigiliwa. Maneno hayo yalisemwa katika mji ambamo kaburi lenyewe lilikuwa karibu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano ambao sijui kama tunautafakari vya kutosha. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kupita miaka minne ya maandalizi. Kwa hiyo hasira ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ilipowaka mwezi Mei mwaka 1886, baadhi ya vijana waliotumikia ikulu walikuwa bado wakatekumeni. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, huko Munyonyo, Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padre, aliwabatiza baadhi yao, na miongoni mwao alikuwamo Kizito, kijana wa umri wa miaka kumi na minne hivi. Walijua kwamba kukipambazuka wangeulizwa ni nani anayesali, na kwamba jibu la kweli lingewafikisha kwenye moto. Ubatizo haukuwaahidi ulinzi dhidi ya moto huo. Waliutaka ili wanapokufa wafe wakiwa ndani ya kifo cha Bwana wao. Tarehe 3 Juni walichomwa Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana.

Najua wapo hapa wanaosubiri niseme juu ya watoto wachanga. Makanisa yetu hayakubaliani, na sitajifanya kwamba yanakubaliana. Ndugu zetu wanaobatiza waliokwisha kuamini, tena kwa kuzamisha, wanaionyesha sura ya kuzikwa vizuri kuliko sisi tunaomwagia maji kidogo kichwani. Mimi nasimama upande wa wanaobatiza watoto, kama Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake walivyofanya katika karne ya 3, kwa sababu naamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu kabla hatujajua kuomba lolote, na mtoto aliyebebwa mikononi analionyesha hilo kwa namna ambayo mtu mzima hawezi. Hata hivyo kuna aibu katika historia ya mjadala huu ambayo lazima itajwe. Mwaka 1525 huko Zurich kundi dogo la waamini lilianza kubatiza watu wazima upya. Mnamo Januari 1527 baraza la mji lilimzamisha mmoja wao, Felix Manz, katika mto Limmat hadi akafa. Wakristo walichukua maji, ambayo ni ishara ya kifo cha kuokoa, wakayafanya chombo cha kumuua ndugu yao. Anayetetea ubatizo wa watoto, kama mimi, hana budi kuikumbuka siku hiyo.

Kwa msingi huohuo ubatizo haurudiwi. Kristo alikufa mara moja, na anayebatiza kwa kweli ni yeye, kama Augustino alivyowajibu Wadonato walioukataa ubatizo uliotolewa na watumishi wasiostahili. Kinachorudiwa kila siku ni toba.

Limebaki swali ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini, juu ya mtoto aliyefariki kabla maji hayajamfikia. Miongoni mwa mashahidi wa Uganda ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964 yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyekufa akiwa bado mkatekumeni, na Kanisa lilimhesabu pamoja na wenzake bila kusita, likiita kifo chake ubatizo wa damu. Mtoto mchanga si shahidi, na nisingependa kufananisha visivyofanana. Lakini mfano huo unathibitisha kwamba Mungu aliyetufunga sisi kwa maji hakujifunga yeye mwenyewe, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inawakabidhi watoto hao kwenye huruma yake, ikimkumbuka Yesu aliyesema waacheni watoto waje kwangu. Mama anayeniuliza swali hilo namjibu kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa yule aliyekufa kwa ajili yake, na simwongezei sharti lolote.