Buluu Inayopauka na Kurudi: Sainotaipu Mbele ya Mwanga

Mabibi na mabwana,

Wanaochapa picha kwa mikono huulizwa na kila mnunuzi kama chapa itadumu ikitundikwa ukutani. Jibu hutegemea njia iliyotumika, nami nitakaa zaidi kwenye sainotaipu, njia ya kuchapa picha za buluu kwa mwanga wa jua, kwa kuwa wengi huihukumu kabla ya wakati.

John Herschel aliibuni Uingereza mwaka 1842. Karatasi hupakwa chumvi mbili za chuma, hukaushwa gizani, kisha huanikwa juani chini ya negativu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi. Penye mwanga hujengeka buluu ya Prusia, na pasipo mwanga chumvi huondoka na maji. Mwanga mkali ukiendelea kuipiga buluu hiyo kwa muda mrefu, baadhi ya chuma kilichomo hupokea elektroni na rangi hupauka. Hata hivyo kilichopauka hakijapotea: picha ikiwekwa gizani penye hewa, oksijeni huirudisha buluu taratibu, ingawa si lazima irudi yote. Chapa za mwani ambazo Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alianza kuzitoa mwaka 1843 zingali na buluu iliyokolea, na nadhani kufungiwa ndani ya majalada kumezisaidia sana.

Kinachoiua sainotaipu hasa ni alkali. Ukidondoshea tone la maji ya magadi, papo hapo utaona buluu ikigeuka umanjano, na giza halitairudisha. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, kisha wakaichovya picha katika chai ya rangi, ili tanini zishikane na chuma na kuacha weusi wenye ukahawia. Ni kazi nzuri, ila picha hiyo si sainotaipu tena. Kwa kuwa alkali huiua, karatasi na maboksi yaliyotiwa alkali ya kalsiamu kabonati, ambayo huuzwa kama hifadhi bora kwa kazi nyingine za karatasi, hayaifai sainotaipu.

Njia nyingine zina hali zake. Kwenye gamu baikromati, ambapo rangi huchanganywa na gundi inayogandishwa na mwanga, uimara ni wa rangi uliyoichanganya mwenyewe. Kwenye chapa za platini, ambazo picha yake ni ya madini hayo, platini yenyewe haipauki. Karatasi ndiyo hudhoofika. Picha zinazochapwa kwa maji yaliyokamuliwa kwenye maua zitapauka tu, na sioni haki kumuuzia mtu bila kumwambia.

Anayetaka kupima na akate ukanda wa chapa, afunike nusu kwa karatasi ya alumini, auweke dirishani pamoja na kipimo cha sufi za buluu chenye madaraja 8, yaani vipande vya sufi vinavyopauka kwa kasi tofauti, kisha alinganishe nusu hizo mara mbili: siku ya kuuondoa, na tena baada ya majuma kadhaa gizani. Anayetangaza matokeo ya mara ya kwanza pekee hajamaliza kupima. Nao wenye makumbusho wasiitie sainotaipu katika fremu iliyoondolewa oksijeni, kinga ambayo huzifaa rangi nyingine nyingi, kwani humo buluu hupauka zaidi na haina hewa ya kuirudisha.