Jinsi ya kufuta majedwali ya majaribio yaliyobaki kwenye PostgreSQL

Habari zenu, karibuni. Leo niko Moshi, na databesi mnayoiona kwenye skrini (PostgreSQL ndiyo programu inayoiendesha) ni nakala ya kujaribia ya databesi ya ofisi inayopeleka wageni Kilimanjaro: kuna jedwali la wageni, la waongozaji, la wagumu wanaobeba mizigo, na la malipo.

Majaribio ya programu inayotumia databesi hii yakianza hujitengenezea majedwali yake, test_wageni, test_malipo na kadhalika, na yakimaliza huyafuta. Sasa umeme ukikatika katikati, sehemu ya kufuta haifikiwi. Ukirudi kuyaendesha, yanagoma: jedwali tayari lipo.

Kwanza kabisa, hakikisha uko wapi. Ingia psql, pale pa kuandikia amri za PostgreSQL, andika:

\conninfo

Soma jina la databesi na la seva, neno kwa neno. Kama ni ile ya kazi halisi, toka. Usiendelee.

Pili, orodhesha kabla ya kugusa chochote:

SELECT tablename FROM pg_tables WHERE schemaname = 'public' AND tablename LIKE 'test_%';

Simamisha video hapa uangalie mstari wa tatu. Unaona testimonials? Hilo si la majaribio, ndimo yalimo maoni ya wageni waliokwisha kushuka mlimani. Limeingiaje? Ndani ya LIKE, kile kistari cha chini si kistari, kinasimama badala ya herufi yoyote moja. Kwa hiyo "testi" nayo inapita. Mimi nililifuta jedwali la namna hiyo kwa kosa hilihili. Tulirejesha kutoka bakapu ya usiku uliotangulia, lakini yaliyoandikwa siku ile hayakurudi, na wageni wenyewe walishapanda ndege kurudi kwao. Ndiyo maana nawasihi: weka mkwaju wa nyuma (\) kabla ya kistari.

LIKE 'test\_%'

Endesha tena. Testimonials imetoka. Sasa chukua bakapu kwa pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kutolea nakala ya databesi, hata kama una haraka.

Tatu, futa ndani ya muamala, yaani kundi la amri ambazo hazikamiliki mpaka uzithibitishe:

BEGIN;
DROP TABLE test_malipo, test_wageni;
\dt

Nimeyataja yote mawili kwenye amri moja kwa sababu test_malipo inategemea test_wageni. Ukianza na test_wageni peke yake utakataliwa. Wengi wakikataliwa hukimbilia kuongeza CASCADE, neno linaloondoa pia vitu vinavyolitegemea jedwali hilo. Tulia kwanza, soma ujumbe, ujue nani anategemea nini. Orodha ya majedwali inayotolewa na \dt ikikaa sawa, andika COMMIT kuthibitisha. Ukiona kuna kitu kimekosekana, ROLLBACK, na kila kitu kinarudi. Wanaotumia MySQL, hii haiwahusu: kule DROP TABLE hupitishwa papo hapo, hakuna kurudi nyuma.

Tumesafisha, lakini wiki ijayo umeme utakatika tena. Dawa ni kusafisha mwanzoni. Mwisho wa majaribio unaweza usifikiwe, ila hakuna jaribio lisilopita mwanzoni. Yape majaribio skima yao, yaani chumba chao cha majedwali ndani ya databesi, na mistari hii iwe ya kwanza kabisa:

DROP SCHEMA IF EXISTS majaribio CASCADE;
CREATE SCHEMA majaribio;
SET search_path TO majaribio;

Hapa CASCADE inafaa, maana humo hamna kitu cha mtu. Na majaribio yaingie kwa mtumiaji wake mwenyewe, mwenye ruhusa ya CREATE kwenye databesi lakini asiyemiliki jedwali lolote la kweli wala skima yake, na asiye superuser (msimamizi mkuu). PostgreSQL haimruhusu mtumiaji kama huyo kufuta jedwali, kwa hiyo hata amri ikikosewa, jedwali la malipo linabaki salama.

Sasa yaendeshe majaribio yako, yakatize makusudi kwa Ctrl na C, halafu yaanzishe upya. Yakipita bila kulalamika kwamba jedwali lipo, umemaliza.