Tunayoyazoea na Tusiyoyazoea: Mhadhara kwa Wakazi wa Dodoma juu ya Kuridhika na Maisha

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Watumishi wenzangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka darasani, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za jioni na kuja kukaa hapa.

Naomba tuanze kwa kazi ndogo. Fikiria ngazi iliyoegemezwa ukutani, ina vipandio kuanzia 0 chini mpaka 10 juu. Kule juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote ambayo wewe ungeweza kuyaishi, na chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Leo umesimama kipandio cha ngapi? Usimwambie mtu. Andika namba yako pembeni ya karatasi.

Swali hilo alilibuni mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, akalichapisha mwaka 1965. Siku hizi Gallup, shirika la kupima maoni ya watu, huliuliza katika nchi zaidi ya mia moja, na majibu yake ndiyo msingi wa Ripoti ya Dunia ya Furaha, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Finland imeongoza kila mwaka tangu 2018, wastani wao ukipita 7. Sisi Tanzania, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, tumekuwa kati ya 3 na 4, karibu na mkia wa orodha.

Nikiitaja namba hiyo watu hukasirika. Husema, sisi tunacheka, tunaimba, tunatembeleana, inakuwaje tuambiwe hatuna furaha? Naelewa hasira hiyo. Ila ngazi haiulizi kama unacheka. Watafiti huuliza na maswali mengine kuhusu siku ya jana: ulicheka, ulikuwa na wasiwasi, ulipumzika vya kutosha? Mtu anaweza kuwa alicheka jana kutwa kwenye send-off ya mpwa wake, na leo akasema yuko kipandio cha 3, kwa sababu mtoto wake kachaguliwa kidato cha tano na hajui pesa ya godoro, sare na nauli itatoka wapi. Hajidanganyi popote. Ametoa majibu mawili ya kweli kwa maswali mawili. Ed Diener, aliyeandika makala kubwa ya kuunda uwanja huu wa utafiti wa kuridhika na maisha mwaka 1984, alisisitiza jambo hilo: tathmini ya maisha yote ni kitu kimoja, na hisia za siku hadi siku ni kitu kingine. Leo nitazungumzia zaidi ile tathmini.

Nianze na pesa, maana ndiyo mnayoingoja.

Mwaka 1974 mchumi Richard Easterlin alionyesha kwamba Wamarekani walikuwa wametajirika sana tangu vita vya pili vya dunia, lakini furaha waliyoitaja kwenye madodoso ilikuwa haijapanda kwa kiasi hicho. Tangu hapo kumekuwa na ubishi mrefu. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema hisia za kila siku huacha kupanda kipato kikifika dola 75,000 kwa mwaka, ingawa tathmini ya maisha huendelea kupanda. Mwaka 2023 Kahneman huyo huyo, pamoja na Matthew Killingsworth na Barbara Mellers, alirekebisha hoja hiyo: kwa watu wengi hata hisia huendelea kupanda, na wanaokwama ni kundi la wale ambao tayari hawana raha.

Nawaomba msikubali mtu achukue utafiti wa watu wa dola 75,000 aje nao Bahi au Chemba, amwambie mkulima wa uwele kwamba pesa hainunui furaha. Hapa mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikikata mwezi wa pili nyumba nzima inajua mwaka umekwendaje. Huko Rarieda, Kenya, karibu na Ziwa Victoria, shirika la GiveDirectly liligawa pesa bila masharti kwa kaya maskini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro. Watu walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo, waliezeka mabati, na kuridhika kwao na maisha kulipanda. Mimi nachukua hilo kuwa jibu la kutosha kwa watu wa hali yetu. Kwa maskini, pesa inasaidia.

Ila Rarieda ilitoa na jambo la pili. Katika uchambuzi mwingine wa mradi huo, majirani ambao hawakupata, huku wakiona wenzao wanaezeka mabati, kuridhika kwao kulishuka kwa muda. Umaskini wao haukuongezeka. Kilichobadilika ni wanayemwangalia. Kwa hiyo anayegawa msaada kijijini afikirie sana namna ya kuchagua kaya na namna ya kueleza kwa nini huyu kapata na yule kakosa. Maelezo yale mbele ya mkutano wa kijiji ni sehemu ya msaada wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo.

Mji huu unajenga. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, miaka mingi ilipita tukingoja. Halafu mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhama kweli, na mwaka 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Ukitoka leo kuelekea Nala, Ihumwa au Msalato, unaona misingi, lenta, kuta zinazongoja bati. Karibu kila mtumishi ninayezungumza naye, ukimuuliza ni nini kitamfanya aridhike na maisha, anakujibu: nikimaliza nyumba yangu.

Kuna utafiti uliopima jambo hilo. Shirika la TECHO liliwajengea nyumba mpya rahisi watu wa makazi duni huko El Salvador, Mexico na Uruguay. Sebastian Galiani na wenzake waliwafuatilia. Kuridhika kulipanda sana mara baada ya kuhamia. Lakini baada ya wastani wa miezi minane hivi, asilimia 60 ya ongezeko lile lilikuwa limeyeyuka. Nyumba ilikuwa bado ipo, imara vile vile. Wenyewe walikuwa wameizoea.

Mngeweza kuishia hapo mkasema, basi binadamu hatosheki. Hiyo ni hukumu ya haraka, na haki hana anayeitoa. Tazameni Mexico hiyo hiyo, mji wa Torreón. Kuanzia mwaka 2000 mpango wa serikali uliwawekea watu sakafu ya saruji katika nyumba zenye sakafu ya udongo. Haukujenga nyumba mpya. Ulimwaga saruji tu. Watafiti walipokwenda mwaka 2005, watoto walikuwa na minyoo michache, kuharisha kumepungua, upungufu wa damu umepungua. Na mama zao waliridhika zaidi na maisha yao, wakiwa na dalili chache za sonona na msongo. Miaka ilikuwa imepita, na faida ilikuwa bado inaonekana.

Halafu Tangier, Morocco. Kaya ambazo zilikuwa zikichota maji kwenye bomba la mtaani, bure, zilisaidiwa kupata mkopo wa kuunganisha bomba nyumbani. Maji yalikuwa safi hata kabla, kwa hiyo ugonjwa haukupungua. Kipato hakikupanda. Tena bili ya kila mwezi ikaongezeka. Hata hivyo watu waliripoti kwamba maisha yao ni bora. Kwa nini? Foleni ya bomba ilikwisha. Ugomvi wa majirani juu ya maji ulipungua, na muda uliookolewa waliutumia kupumzika na kutembeleana. Ni kweli walipimwa miezi michache tu baada ya bomba kuingia, kwa hiyo peke yake haitoshi. Lakini ukiiweka pembeni ya sakafu za Torreón, unaanza kuona kitu.

Mimi naisoma hivi. Kile tunachokitazama, tunakizoea: rangi ya ukuta, geti, vigae, marumaru. Kile kinachotukatiza kila asubuhi hatukizoei: dumu la lita 20 lisilo na maji saa kumi na moja alfajiri, mtoto anayeharisha, kelele za usiku, safari ndefu ya kwenda kazini. Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake wafanyakazi 909 wa Texas waeleze siku yao saa kwa saa, na kusafiri kwenda kazini asubuhi kulikuwa mkiani kabisa miongoni mwa shughuli zao zote. Kila siku safari ni ile ile, na kila siku inachosha upya.

Kwa hiyo mtu mwenye kiwanja, pesa ikiwa ni ya kupima, mimi ningemwambia: maji kabla ya marumaru. Afadhali vyumba viwili karibu na kazi na barabara ya daladala kuliko vitano huko ambako ukishuka kwenye gari unatafuta bodaboda ya elfu mbili. Na kabla hujalipia kiwanja, nenda pale asubuhi ya siku ya kazi, waulize akina mama wanaokaa jirani wanachota wapi, na boza likija wanalipa kiasi gani. Watakueleza mambo ambayo dalali hayataji.

Kuna swali jingine Gallup huuliza: ukipata shida, una ndugu au rafiki unayeweza kumtegemea muda wowote utakapomhitaji? Unajibu ndiyo au hapana. Swali fupi namna hiyo lina nguvu kubwa katika kueleza kwa nini watu husimama juu au chini kwenye ngazi. Utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938 kwa kuwafuatilia vijana wa kiume, na baadaye kuwaunganisha na wavulana wa mitaa maskini ya Boston, umeendelea miongo zaidi ya minane, na mkurugenzi wake Robert Waldinger husema jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine ni uzito wa mahusiano mazuri kwa raha na hata kwa afya ya mwili.

Hapa Dodoma hili linanisumbua. Tuna maelfu ya watu waliohama na ajira zao, familia zikabaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto au kazi ya mwenza. Treni ya mwendokasi, tangu ianze mwaka 2024, imewasaidia sana. Ijumaa jioni mtu anaondoka na usiku huo anakula na watoto wake. Lakini Jumatatu mpaka Alhamisi yuko chumbani Kisasa au Area C, anakula chipsi, anazungumza na simu. Wenyeji wa mtaa hawamjui jina. Msiba ukitokea nyumba ya tatu, hapewi taarifa, kwa kuwa hayumo kwenye kundi la kufa na kuzikana. Kama ni wewe, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii, uliza vikundi vilivyopo, toa kiingilio. Na wenyeji, Wagogo wenzangu, sisi tuliozoea kulimiana mashamba na kuitana kwenye ngoma baada ya mavuno, tusingoje mgeni aanze. Mgongee mlango.

Kuhusu madeni nitakuwa mfupi, ingawa mikopo ya kausha damu imeingia kila ofisi na kila soko la mji huu. Nchini Singapore, shirika moja liliwalipia madeni watu wa kipato cha chini waliokuwa wamekwama kwa muda mrefu, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2019. Wasiwasi ulipungua na uwezo wao wa kufikiri ukaongezeka. Idadi ya madeni yaliyofutwa ilikuwa na uzito kuliko jumla ya pesa. Madeni matano madogo yanakaa kichwani kama matano. Ukipata fedha ya ghafla, fikiria kuyafunga madogo kabisa, moja baada ya jingine.

Mtasikia pia kwamba kila mtu amezaliwa na kiwango chake cha raha na hakuna la kufanya. Tafiti za mapacha zinaonyesha kweli kwamba urithi una sehemu kubwa. Lakini watu hunukuu utafiti mdogo wa mwaka 1978 na kudai kwamba aliyepooza kwa ajali ana raha sawa na aliyeshinda bahati nasibu. Utafiti wenyewe haukusema hivyo. Wale 29 waliopata ajali walikuwa chini ya wengine, ingawa si chini kama watu walivyotazamia. Mwenye ulemavu anayedai njia ya kupita na kiti cha magurudumu hapaswi kujibiwa kwamba atazoea. Na Ujerumani, watu waliopoteza ajira walionekana kubaki chini kidogo hata miaka baada ya kupata kazi nyingine.

Kabla ya maswali, jambo la mwisho. Yote niliyosema yanahusu watu wazima wenye afya wanaopima maisha yao. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, huna hamu na lolote ulilokuwa ukilipenda, au unawaza kujidhuru, hilo ni jambo jingine. Hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa. Usiambiwe huna shukrani, wala usijiambie hivyo. Mirembe iko hapa hapa mjini, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na mtu huenda pale kwa miguu yake, akaonana na mtaalamu, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukiona aibu ya geti lile, anza na kituo cha afya cha karibu, mweleze mganga dalili zako kama ungeeleza za malaria. Na kama ni ndugu yako, mpeleke wewe, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Karibuni kwa maswali. Naona mama pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, tuanze naye.